Marehemu Amekaa Kwenye Benchi

Sehemu ya Sita

Kidole cha Fundi kilikuwa bado kwenye ule mstari, na hakikutaka kutoka.

Aliyekosa toleo la wiki jana avute kiti haraka, hatuna muda. Fundi cherehani wetu, mwanamke anayetembea na tepu shingoni hata siku asiyoshona, alikuwa amefungua faharasa ya vifo katika ofisi ya msajili. Alitafuta jina la babu yake, baba mzazi wa mama yake. Hakuliona. Badala yake aliona jina la mdogo wa babu yake, majina yote matatu, katika orodha ya waliofariki miaka hamsini na saba iliyopita.

Na huyo mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake, anamenya chungwa.

"Babu," Fundi alisema bila kugeuka. "Umekufa."

"Lini?" aliuliza Babu Redio.

"Mwezi wa nane. Mwaka ule aliozaliwa Mama."

Babu Redio alitema kokwa kiganjani, akaitazama. Jina la Redio alipewa na mtaa mzima kwa sababu hajawahi kuzimwa. Huongea akila, huongea akinyolewa, na safari moja daktari alimwekea kipimajoto mdomoni akakosa kusoma joto kwa sababu ya maongezi. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia amekufa, ungetegemea hotuba.

"Basi," alisema. "Kama nimekufa, nimekufa. Tusimsumbue karani. Twende zetu nyumbani."

Fundi aligeuka akamtazama. Wewe msomaji ungeshtuka, na yeye alishtuka. Lakini kabla hajauliza neno, karani alishafika.

Huyu karani walimwita Miwani, kwa kuwa alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine utosini, na bado alikuwa akitafuta ya tatu. Aliusoma mstari. Akaomba kitambulisho cha mzee, akakisoma. Akarudi kwenye mstari. Kisha akavua miwani ya puani kwa heshima.

"Mzee, pole sana kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Nimeshapoa," alisema Babu Redio.

"Kuna tatizo dogo," Miwani aliendelea. "Hilo benchi ni la wateja. Marehemu hana mahali pake humu ndani. Ili niendelee kukuhudumia itabidi ulete barua ya mtaa kwamba uko hai, na mashahidi wawili waliokuona baada ya kufa."

"Nilioa baada ya kufa. Mke wangu hatoshi?"

"Ni mmoja huyo."

"Nina watoto wanne."

"Hao ni familia. Wana maslahi na uhai wako."

"Kaka, mtu yuko mbele yako anakula chungwa," Fundi aliingilia.

"Dada, mimi naona. Lakini daftari halikosei."

Sasa, nyumbani wasingeweza kwenda, na sababu ilikuwa moja. Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, kitabu cha ukoo kilikuwa kinapelekwa kwa mchapaji, na jina la mama yake Fundi halikuwamo.

Ukoo ule unaendeshwa na Mwenyekiti, binti mkubwa wa marehemu babu, mwanamke wa miaka sabini na tisa ambaye hata paka wake huomba ruhusa ya kutoka. Kwa haki, Fundi angemwita mama mkubwa. Hakuwahi kuruhusiwa. Mwenyekiti anasema mama yake Fundi alizaliwa mwaka mzima baada ya mzee kufariki, kwa hiyo ni mtoto wa watu wengine. Ushahidi wake umetundikwa sebuleni ndani ya fremu: tanzia ya mzee, imekatwa gazetini, yenye majina ya watoto sita. Aliyeikata aliondoa na tarehe.

Mama yake Fundi hana fremu. Mama yake mzazi, mke wa mwisho wa mzee, alifariki wiki aliyojifungua, na yeye akalelewa mbali, kwa bibi mzaa mama, peke yake, bila kaka wala dada. Kilichobaki ni kadi ya kliniki inayosema alizaliwa mwezi wa tano. Tarehe ya kifo cha mzee ndiyo ingeamua, na aliyeijua hakuonekana. Babu Redio mwenyewe alishaapa mara mia kwamba kaka yake alipofariki yeye alikuwa safarini kikazi, akarudi akakuta kaburi limeota majani.

"Sitaki shamba lao," mama alimwambia Fundi asubuhi ile, huku anajifanya anachambua maharage ambayo yalishachambuliwa. "Sitaki nyumba. Nataka tu jina langu likae chini ya jina la baba yangu kabla sijaenda kumwona." Fundi alitoka mbio, kwa sababu angekaa dakika moja zaidi angelia juu ya maharage.

Turudi ofisini. Miwani alikuwa ameanza kuwa mwema.

"Usikasirike, dada. Kitabu hiki kina vifo vya ajabu zaidi. Tazama huyu." Aliteremsha kidole. "Amekufa tarehe mbili mwezi wa tatu. Akafa tarehe tisa. Mwezi wa nne akafa mara tatu. Mwaka mzima nimemhesabu, amekufa mara kumi na tisa. Watu wa zamani walikuwa wagumu."

"Kazi yake imeandikwa?"

"Seremala wa majeneza."

Fundi aliutazama tena mstari wa seremala. Akaishika tepu yake, kama afanyavyo hesabu ya nguo ikikataa.

Fikiria fundi cherehani anavyoandika daftari lake. Mama analeta kitambaa, gauni atavaa mtoto. Daftarini linaandikwa jina la nani? La mama, maana ndiye atakayerudi dirishani kuuliza kama tayari. Mtoto hata mlango wa duka haujui.

"Kaka Miwani," alisema taratibu, "cheti cha kifo, nani huja kukichukua?"

"Aliyekuja kutoa taarifa."

"Marehemu je, amewahi kuja kuulizia cheti chake?"

"Katika miaka yangu thelathini hapa, hapana."

"Basi msajili wa zamani alikuwa na akili kama yangu. Faharasa hii si ya waliokufa. Ni ya waliokuja dirishani."

Miwani alishusha miwani ya utosini juu ya ile ya puani, akaitazama faharasa kwa macho manne. Akapitisha kidole kwa seremala, kifo baada ya kifo. Familia zilikuwa zinamtuma yeye, kwa kuwa njia yake ilipita hapo. Miwani alikaa chini kwenye benchi la wateja.

"Miaka thelathini," alisema, "nimewaambia watu kwamba wazazi wao hawakufa."

Lakini Fundi hakumsikiliza. Kwa sababu, msomaji wangu, kama faharasa ni ya waliokuja dirishani, basi mwezi wa nane wa mwaka ule Babu Redio hakuwa safarini. Alikuwa amesimama pale pale.

Chungwa lilikuwa limekaa juu ya benchi. Babu Redio alikuwa mlangoni, ameshavaa kofia.

"Babu."

"Nilikuwa naangalia kama mvua inakuja."

"Kaa."

Akakaa.

Miwani alienda chumba cha ndani akarudi na daftari lenyewe, zito, amelibeba kifuani kwa mikono miwili. Namba ya ingizo ilikuwepo. Jina la marehemu: babu yake Fundi, mwenyewe, bila shaka yoyote. Alifariki tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Sababu, homa ya mapafu. Mtoa taarifa, mdogo wa marehemu. Na saini yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kujifunga, mkia ambao Babu Redio huusaini mpaka leo kwenye kila kadi ya harusi.

Mwezi wa tano mtoto kazaliwa, mwezi wa nane baba kafariki. Mzee alikuwa hai miezi mitatu baada ya binti yake kuja duniani. Fundi alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, mara mbili, na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya Miwani.

Babu Redio aliokota chungwa lake benchini, akaliweka tena. Redio ilikuwa imezimika.

"Wiki tano umenizungusha," Fundi alisema. "Ofisi nne, kila moja ukiniambia ndiyo yenyewe. Ulikuwa unajua."

Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa nguo alikuwa wa mwisho kujua.

"Mjukuu wangu, tarehe umeipata," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Mpigie Katibu. Inatosha."

Katibu ndiye mtoto wa kwanza wa Mwenyekiti, na ndiye aliyekiandika kitabu kwa mashine, ukurasa kwa ukurasa. Ni mtu mpole, hasemi na mtu kwa ukali. Fundi humwita kaka ingawa amemzidi umri mbali. Mwaka jana alimshonea suti, akamwekea pamba bega la kushoto kwa sababu limeshuka kidole kimoja, na ndani ya kola akamdarizia jina, maana mwenyewe aliliomba kwa haya. Ni jina la peke yake. Mji mzima hana wa kugongana naye.

"Fundi, hii ni habari njema," Katibu alisema kwenye simu. "Ngoja niandike. Tarehe kumi na nne..."

Ghafla sauti ikabadilika. Mwenyekiti alikuwa ameishika simu.

"Nimesikia. Hongera kwa kusoma. Lakini kuwa hai si kuwa baba. Hata mimi nipo hai, mbona si mama yako? Tanzia imetaja watoto sita. Saa kumi kitabu kinaingia kwa mchapaji." Akakata.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

Gazeti lililotoa tanzia ile bado lipo, mitaa mitatu kutoka ofisi ya msajili, na nakala zake za zamani zimewekwa orofa ya pili kwenye chumba chenye dirisha moja lisilofunguka. Huko ndani anatawala Bi Gundi. Kazi yake ni kubandika kurasa zilizochanika, na vidole vyake vimeganda gundi kiasi kwamba ukisalimiana naye inabidi uagwe mara mbili. Fundi alimpa tarehe. Babu Redio alikuwa nyuma, anapanda ngazi moja kwa dakika, akitumaini labda jengo litafungwa.

Bi Gundi alileta mwaka mzima ulioshonwa pamoja, akaufungua mezani. Hakutafuta. Alifunua mahali penyewe.

Tanzia ilikuwepo. Picha ile ile ya mzee na kola yake ngumu. Ameacha watoto sita, na majina yao yamefuatana kama yalivyo kwenye fremu ya Mwenyekiti. Fundi alisoma mpaka nukta ya mwisho. Hakuna wa saba. Alijisikia kama mtu aliyeshona gauni siku tatu, kisha akagundua kitambaa kilikuwa kimegeuzwa.

"Ndiyo hivyo, mjukuu wangu," Babu Redio alisema, na uhai ukaanza kumrudia. "Tumejaribu. Mama yako tutamwambia taratibu. Unajua mimi niliwahi kufanya kazi na mtu mmoja ambaye..."

"Mwanangu," Bi Gundi alimkatiza, akimwambia Fundi, "umesoma ya wiki iliyofuata?"

"Ya wiki iliyofuata ina nini? Amekufa mara moja tu."

"Tanzia haisomwi moja. Watu wakifiwa huandika huku wanalia, na anayelia husahau, au hujifanya amesahau. Wiki ya pili huja shukrani kwa majirani. Na huja masahihisho. Wengi hukata ya kwanza wakaondoka. Mimi miaka yote naishi kwa ya pili."

Aligeuza nusu ya ukurasa. Na hapo ndipo Babu Redio, mzee wa miaka themanini na moja, aliyepanda ngazi kwa robo saa, alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliuvuta ule mzigo wa magazeti kutoka mezani, akauweka juu ya kiti na kuukalia.

"Miguu," alisema. "Imeniisha."

"Mzee," Bi Gundi alisema kwa upole, "umekalia mwaka mzima."

"Nitaondoka nikipumzika."

"Utapumzika saa ngapi?" aliuliza Fundi.

"Saa kumi na robo."

Fundi alipiga magoti mbele yake, kama anavyopiga kumpima mteja pindo. Hakumfokea. Angemfokea, mzee angejibu, na akianza kujibu ndio ingekuwa mpaka jioni.

"Babu. Asubuhi Mama alikuwa anachambua maharage safi. Ana miaka hamsini na saba, anasubiri kuambiwa yeye ni wa nani. Wewe unajua. Ukikaa hapo mpaka saa kumi na robo, utakuwa umemkalia yeye."

Babu Redio alimtazama. Kisha akasogea upande, taratibu, akaacha magazeti yatoke chini yake.

"Watu hudhani napenda maneno," alisema. "Mtu anayenyamaza huulizwa ana nini. Anayeongea haulizwi. Nimeongea miaka hamsini na saba nisiulizwe kitu kimoja."

Bi Gundi alishalifungua gazeti la wiki iliyofuata. Sehemu ilikuwa ndogo, upana wa kibiriti, kona ya chini, chini ya tangazo la baiskeli, na jina la mzee juu yake. Fundi aliinama akasoma kwa sauti.

"Masahihisho. Katika tanzia iliyotoka wiki iliyopita, majina ya watoto wa mwisho wa marehemu yaliachwa kwa bahati mbaya. Marehemu ameacha pia watoto pacha wa miezi mitatu, wa kike na wa kiume. Kwa niaba ya familia, mdogo wa marehemu."

"Wewe ndiye uliyeandika," alimwambia mzee.

"Mimi. Usiku nilikosa usingizi, asubuhi nikaja hapa hapa. Sikumwambia mtu."

Chini yake yalikuwa majina mawili. La kwanza lilikuwa la mama yake, jina lote, na baada yake jina la baba. Limekaa pale, chini ya jina la baba yake, tangu ana miezi mitatu, na hakuna aliyemwambia. Fundi aliligusa kwa ncha ya kidole. Alitaka kukimbia mpaka nyumbani wakati huo huo, aingie na tepu yake shingoni, aseme Mama, acha maharage.

Kisha akasoma jina la pili.

Lile jina alikuwa amewahi kuliandika mwenyewe, kwa uzi mweupe, herufi baada ya herufi, ndani ya kola ya suti. Ni jina la peke yake. Mji mzima hana wa kugongana naye.

Bega la kushoto, limeshuka kidole kimoja. Na magauni yote ya mama yake, tangu ajue kushika mkasi, amekuwa akiyawekea pamba bega la kushoto.

"Babu," alisema. "Katibu ni mtoto wa nani?"

"Wa kaka yangu," alijibu Babu Redio, na mara moja katika maisha yake jibu lake lilikuwa fupi. Kisha akaongeza: "Mwenyekiti alikuwa ameolewa mwaka wa nne, hana mtoto. Mama wa pacha amefariki, baba yao amefariki, watoto wamebaki mikononi mwake. Akamchukua wa kiume akasema ni wake. Bibi mzaa mama alikuja kumchukua wa kike, akaambiwa pacha mwenzake hakumaliza wiki. Mimi nikaapishwa. Jina la mama yako likiingia kitabuni, mtu mmoja anayekumbuka kuwa walizaliwa wawili atauliza la mwenzake liko wapi. Ndiyo maana hamtaki. Si chuki, mjukuu wangu. Ni woga."

"Katibu anajua?"

"Hajui. Kitabu kizima amekiandika mwenyewe. Kwenye ukurasa wake amejiandika mjukuu."

Simu ya Fundi ililia mezani, ikamshtua hata Bi Gundi. Katibu. Fundi aliweka sauti ya nje, Babu asikie.

"Fundi, samahani, nimekuweka kwenye spika, mikono imejaa karatasi." Nyuma yake honi ya gari ilikuwa inalia bila kupumzika. "Niko mlangoni kwa mchapaji. Kaka yako nimejichelewesha nilivyoweza, nimefunga kamba za viatu mara tatu. Mama yuko garini nyuma yangu, kioo wazi, ndiye huyo anapiga honi. Niambie ukweli. Kuna jina la kuongeza, au nikifunge?"

Fundi alimtazama Babu Redio. Babu Redio aliinamisha kichwa, akavua kofia.

"Usifunge," Fundi alisema. Na neno ambalo nyumbani kwao halikuwahi kuwa na mwenyewe, ambalo mama yake hakuwahi kumfundisha kwa sababu hakukuwa na wa kuitwa, likamtoka lenyewe. "Usifunge, mjomba."

Karatasi zilisikika zikianguka.

"Umeniitaje?" Katibu aliuliza.

Na kule nyuma yake, honi ikaacha kulia.